Kalunguyeye Aliyetoa Ulimi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia samaki, sikulaumu. Hata mimi hufanya hivyo. Ngoja nikurudishe tulipokuwa.

Jina langu ni Thirza Maddock. Ni seremala, ni binti wa seremala, na ni mwongo. Mawili ya kwanza yameandikwa kwenye kibao juu ya mlango wa karakana yangu hapa Herefordshire. La tatu ndilo ninalolikiri humu, kipande kwa kipande.

Bibi Augusta Delahaye wa jumba la Wexcombe aliachiwa na mumewe viti vinane vya ukumbini. Mahogani tupu, umri miaka mia mbili, mgongo umechongwa kama kombe la pwani lililofunguka, na katikati ya kombe amekaa kalunguyeye, nembo ya ukoo wa Delahaye. Wosia wa marehemu, Bwana Ambrose, uko wazi: mjane ataishi jumbani mpaka siku zake ziishe, mradi kila kilichoandikwa kwenye orodha kiwepo. Kikikosekana hata kijiko, anafungasha, na jumba linakwenda kwa mpwa wa marehemu.

Bibi Mkubwa aliuza viti viwili kwa siri. Fedha akazipeleka kwenye mbio za farasi, na farasi wake akaingia wa saba kati ya wanane. Yule wa nane alikuwa ameanguka.

Ndipo akaja kwangu. Akaniletea kiti kimoja cha kuigia, kimefungwa blanketi la farasi kama mgonjwa, nami nikamchongea viwili vipya vyenye sura ya wazee. Wiki iliyopita niliwaacha pale barua ilipofika: mpwa anamtuma mthamini kutoka London, Jumatatu, avihesabu viti na kuvichunguza.

Sasa, kuna jambo sikuwaambia. Nililionea aibu, na pia nililionea fahari, na hayo mawili yakikaa kifua kimoja mtu hunyamaza.

Wale kalunguyeye wawili niliowachonga, niliwatoa ulimi.

Ulimi mdogo, hauzidi punje ya mchele. Ukisimama hatua moja nyuma huuoni. Ukiinama na kukodoa macho, unaona mnyama anakudhihaki.

Nina sababu.

Viti vya ukumbini havikutengenezwa ili mtu aone raha. Havina mto, mgongo wake umesimama wima kama hakimu, na ukikaa dakika kumi unaanza kujuta ulikuja kufanya nini. Ni vya kuwekea watu wasio wageni. Mgeni hupitishwa moja kwa moja sebuleni, kwenye moto. Mleta barua, fundi saa, mwenye ombi lake, hao hukalishwa ukumbini mpaka waitwe.

Nilipokuwa na miaka tisa, majuma mawili baada ya kumzika baba, mama alikwenda Wexcombe na mimi nikamfuata. Alikalishwa kwenye kiti cha kwanza, kile cha mlangoni. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Mimi nilisimama, maana hakuna aliyeniambia nikae, nikawa nahesabu miiba ya kalunguyeye nyuma ya kichwa chake. Mwisho tukaambiwa Bibi Mkubwa amechoka. Mama hakuwahi kuniambia alikwenda kuomba nini. Nilijijibia mwenyewe kwamba aliomba kazi ya kufua, akanyimwa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi, nilitoa ulimi.

Wala si ubunifu wangu. Baba yangu, Enos Maddock, alinichongea wanyama wa kuchezea, ng'ombe, sungura, bata, na kila mmoja alimtoa ulimi kidogo. Alisema nikimpoteza mmoja, nitamtambua kuwa ni wa kwetu. Ulikuwa mchezo wa nyumbani. Huyo ndiye baba aliyekuwa mzee wa kanisa, ambaye jiwe la kaburi lake limeandikwa Fundi Mwaminifu, na mafundi wenzake ndio waliolichangia jiwe lenyewe.

Baba vile, binti hivi. Tuendelee.

Jumatatu ile ya Novemba, mwaka 1974, mama alitangulia kutoka nyumbani. Alivaa kofia yake ya kanisani, akasema anakwenda kwa daktari wa meno. Nilikuwa na mawazo yangu. Sikujiuliza mtu ambaye meno yake yote ni ya bandia anamtafutia nini daktari wa meno.

Mpango wangu na Bibi Mkubwa ulikuwa rahisi. Novemba jua letu linakufa saa kumi. Ukumbi wa Wexcombe una dirisha moja na taa moja ya kinyonge. Mthamini akifika saa tano, apitishwe sebuleni, apewe moto, chai, keki, kisha chakula cha mchana, kisha mvinyo, kisha hadithi za marehemu mpaka alegee. Saa tisa na nusu ndipo aletwe ukumbini, kiza kimeshaanza kuingia. Viti vyangu viwili niliviweka mwenyewe pembeni mwa saa kubwa ya ukutani, mahali penye giza kuliko pote.

Nilifika saa tatu na mfuko wa zana, kwa kisingizio cha kukarabati reli ya ngazi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba pembeni mwa saa kubwa palikuwa na viti visivyo vyangu.

Nikamtafuta mzee Pugh. Pugh ni mtumishi mkuu wa jumba lile, ana miaka arobaini pale, na uso wake haujawahi kuonyesha kama amefurahi au ameumwa tumbo. Anajua kila kitu na hajawahi kuambiwa chochote.

"Mzee Pugh, vile viti viwili vya kwenye saa viko wapi?"

"Viko na wenzao."

"Vipi kati ya hivi?"

"Ijumaa ni siku ya nta. Niliviondoa vyote, nikavirudisha." Akavitazama vinane vilivyopangwa. "Wewe ndiye uliyevizaa. Usipovijua wewe, nivijue mimi?"

Nakiri nilisimama pale dakika nzima nikiwa nimejaa majivuno, kwa sababu kweli sikuvijua. Ilibidi nivipindue kimoja kimoja kama mtu anayetafuta kuku wake katika kundi la jirani. Cha kwanza kati ya vyangu nilikipata karibu na ngazi. Cha pili nilikipata mlangoni kabisa, kwenye nafasi ya kwanza, pale ambapo Pugh amewakalisha watu kwa miaka arobaini.

Nilikuwa ndio kwanza nimekikamata mikono yake nikihamishe, kumbe hakina mikono, viti vya ukumbini havina. Nikakikumbatia mgongo. Kengele ikalia.

Mthamini alifika saa nzima kabla ya wakati.

Aliitwa Bwana Lionel Strickett, wa nyumba moja ya mnada ya London. Alikuwa mfupi, wa miaka sitini hivi, na alivaa suruali ya rangi ya maziwa. Novemba, Herefordshire, siku ya tope, suruali ya rangi ya maziwa. Nilijua hapohapo kwamba huyu ni mtu asiyeogopa kitu.

Nikamkonyeza Pugh kuelekea sebuleni. Pugh akamvua mgeni koti, akainama kidogo, akamwonyesha kiti cha mlangoni.

"Bibi Mkubwa atakuona, bwana. Tafadhali keti."

Na Strickett akaketi. Juu ya kiti changu.

Nilipanda ngazi tatu tatu, nikashuka kwa ngazi ya nyuma, nikamkuta Bibi Mkubwa kwenye ujia, ndio kwanza anatoka sebuleni na kuufunga mlango nyuma yake. Ana miaka sabini na mitano na anasimama kama fimbo. Nikamwambia amekuja mapema, amekalishwa ukumbini, tumpitishe ndani haraka kabla hajaanza kutazama. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Maddock," akasema, maana watu kama sisi hutuita kwa jina la baba bila kiungo, "tangu enzi za baba mkwe wangu hakuna mtu wa mnada aliyeingia sebule hii. Akae ukumbini."

"Bibi Mkubwa, ukumbini ndiko viliko viti."

"Ndiyo maana vipo."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye atakayefungasha. Nikamkumbusha keki tuliyopanga. Akasema keki italiwa, ila si naye. Akarudi ndani akafunga mlango, nikasikia komeo.

Mimi sikuzaliwa jana. Nimeona watu wa tabaka lake wakikaa bila moto kuliko kuazima kuni. Lakini kuipoteza nyumba nzima kwa sababu mtu wa mnada asikanyage zulia, hilo nililiona siku ile. Hivyo ndivyo nilivyoamini wakati ule, na naomba mlishike hilo.

Nikarudi ukumbini na msasa wangu, nikaanza kuisugua reli ya ngazi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mpe mthamini gazeti, atasoma. Mpe keki, atakula. Usipompa kitu, atatazama. Dakika kumi za kwanza Strickett alitazama dari. Dakika kumi zilizofuata alitazama saa. Kisha akaanza kuitazama safu ya viti upande wa pili, kichwa ameinamisha, akiimba kwa pua. Nilisugua mpaka reli ikaanza kupata joto.

Dakika ya arobaini, akasimama.

Hapa lazima nikiri ufundi wangu. Mbao za viti vyangu zilikuwa kuukuu kweli, nilizitoa kwenye meza ya mwanasheria iliyovunjika. Niliziponda kwa shada la funguo ili zipate makovu. Nikazipaka siki iliyolala na misumari, kisha chai kali, kisha nta niliyoichanganya na masizi ya bomba la moshi, ili uchafu wa miaka mia mbili uingie kwenye kila kona. Ile nta ilitaka mwezi mzima kukauka. Ilikuwa imepata siku kumi na mbili, tena katika ukumbi usio na moto.

Strickett aliposimama na kunipa mgongo, makalioni mwake palikuwa na duara la kahawia, duara kamili, kama muhuri wa posta.

Aliligusa. Akanusa vidole. Akauliza, bila kumwelekea mtu, kama ni kawaida mahogani ya miaka mia mbili kuchafua nguo.

Pugh alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote. "Nimevipaka nta asubuhi hii, bwana. Kosa ni langu."

"Vyote vinane?"

"Vyote vinane."

Strickett akatoa leso nyeupe, akafuta kiti cha jirani. Leso ikatoka nyeupe. Akafuta cha tatu. Nyeupe. Akamtazama Pugh.

"Huanza na cha mlangoni, bwana," Pugh akasema. "Mkono ukiwa bado na nguvu."

Maishani mwangu sikuwahi kusikia mzee huyu akidanganya. Alidanganya kama anavyofanya kila kitu, taratibu na bila kumwaga.

Suruali ikabidi ivuliwe. Pugh akaipeleka jikoni, akarudi na suruali ya marehemu Bwana Ambrose. Marehemu alikuwa jitu. Strickett aliingia ndani yake akapotea mpaka kifuani, na hapakuwa na mkanda wa kumtosha, hivyo akaikamata kiunoni kwa mkono wa kushoto na asiiachie tena mchana kutwa.

Nikashusha pumzi. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kupindua kiti cha mahogani.

"Binti," akaniita. "Wewe wa kwenye ngazi. Una mikono miwili. Njoo unipindulie."

Kwa hiyo, wapenzi wangu, nilimsaidia mtu kunikamata. Nilipindua kiti cha kwanza, yeye akachutama na lenzi kwa mkono wa kulia, suruali ya marehemu imemzunguka kama hema. Mafundi wa zamani walipotengeneza viti vya seti walivipiga namba chini ya kikalio kwa patasi, ili miguu ya kimoja isije ikaenda kwa kingine. Namba za Kirumi, mistari mitupu, moja mpaka nane. Nililijua hilo, na vyangu nilivipiga ya tatu na ya sita.

"Tatu," akasoma chini ya kile cha mlangoni. Akapitisha kidole. "Mkono safi."

Nilitaka kusema asante.

Tukaenda mpaka kile cha karibu na ngazi. "Sita. Hapa alikuwa na haraka."

Sikuwa na haraka. Nilitumia asubuhi nzima kwenye namba ile. Nikakirudisha kiti kwenye miguu yake kwa kishindo kidogo kuliko nilivyotaka.

Tulipomaliza chini, alihamia migongoni. Akaniambia nimshikie tochi. Lenzi ilipita kwenye makombe, mstari kwa mstari, ikashuka kwa kalunguyeye. Kwenye kile chenye namba tatu ilisimama. Ikasimama muda mrefu sana. Kisha akaenda cha sita, akasimama tena. Kisha akavipita vingine vyote kimoja kimoja, na kwenye cha mwisho, pale gizani pembeni mwa saa kubwa, akasimama kwa mara nyingine.

Nilidhani huko mwisho anapumzika tu.

Akarudi mpaka cha tatu. "Sogeza tochi. Unaona nini?"

"Kalunguyeye, bwana."

"Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Anatoa ulimi, binti."

Nilisubiri anifokee. Badala yake alianza kucheka, cheko la chini chini, mpaka mabega yakatikisika na suruali ya marehemu ikateremka nusu shubiri. Akaiwahi. Akakaa kwenye ngazi, akanieleza, kama mtu anayemweleza mtu asiye na umuhimu.

Alisema zamani, alipokuwa mwanafunzi wa mnada, walileta meza yenye vichwa vya simba, akaambiwa aitazame, akaisema ni ya kale. Ikauzwa. Mwaka uliofuata mtu mmoja mwenye macho makali akagundua simba wanatoa ulimi, ulimi mdogo kama punje, na akagundua na mengine. Meza ilikuwa na umri wa miaka miwili. Strickett alichekwa London nzima. Kisha akaukuta ulimi uleule kwenye kitanda kule Bristol, na kwenye kabati kule Leeds, vitu vyote vimeshanunuliwa na watu wakubwa kama vya kale. Fundi mmoja, mkono mmoja, na hakuna aliyewahi kumjua. Miaka thelathini na mitano anamtafuta, si kwa ajili ya polisi, akasema, ila kwa ajili ya usingizi wake.

Kila alivyoongea, ndivyo wanyama wangu wa utotoni walivyokuwa wakinijia mmoja mmoja, ng'ombe, sungura, bata. Nikawa nawafukuza.

"Na leo," akamaliza, "nimempata kwenye viti vitatu kwa mpigo."

"Viwili," nikasema.

Lilinitoka. Naweza kusema nilichanganyikiwa, naweza kusema nilishtuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa fundi aliyesikia kazi yake ikihesabiwa vibaya.

Strickett akainuka polepole. "Umejuaje ni viwili?"

Akanishika mkono wenye tochi, akanipeleka mpaka gizani, pembeni mwa saa kubwa, kwenye kiti chenye namba nane, kiti ambacho patasi yangu haikuwahi kukigusa. Akaielekeza tochi mwenyewe kwa kukigeuza kiganja changu.

Kalunguyeye wa nane alikuwa ametoa ulimi.

Wangu wanaulaza upande wa kulia, kwa sababu patasi mimi huishika kwa mkono wa kulia. Huyu ulimi wake umelalia kushoto. Mkato mmoja, hakuna kurudia, unaingia kwa nguvu na kutoka kwa upole. Ninao bata mwenye mkato huo, yuko dirishani nyumbani mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mashoto.

"Wewe huwezi kuwa yeye," Strickett akasema. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi viwili ni vyako. Nta mbichi nayo ni yako, na makalio yangu unayajua. Hiki cha nane ni chake." Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu anabembeleza. "Nani aliyekufundisha?"

Akaniwekea mambo mezani. Nikimpa jina, ataandika kwamba viti ni vinane na vimekamilika, na atapanda gari moshi akalale usingizi ambao hajalala tangu ujana. Nisipompa, ataandika anachokijua: vitatu ni vya bandia. Bibi Mkubwa atatoka jumbani kabla ya Krismasi, na mimi nitakwenda kujieleza mahakamani kwa vile viwili.

"Ripoti naandika suruali yangu ikikauka," akasema. "Fikiria mpaka hapo."

Akapaza sauti kumwuliza Pugh suruali imefikia wapi. Pugh akasema imekaribia, akaenda kuitazama. Mlango wa jikoni ulibaki wazi kidogo. Nilimwona mzee akiishusha suruali kutoka juu ya jiko, akaipima kwa kiganja, akaona imekauka kabisa. Kisha akachukua jagi la maji, akaimwagia kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, akaitundika tena.

Nilikuwa nimepewa saa moja zaidi. Nilisimama mbele ya kiti cha nane nikitafuta la kufanya nayo.

Niseme Enos Maddock? Mafundi wa wilaya nzima walichanga fedha zao wakaandika maneno yale kwenye jiwe. Mama hulifuta jiwe lile kila Jumapili kwa leso yake. Ningemwangaliaje?

Niseme simjui? Basi ninamtoa mwanamke wa miaka sabini na mitano barabarani. Simpendi, lakini sikumchukia kiasi hicho. Ulimi ndio ulikuwa kipimo cha chuki yangu, na mmeuona ulivyo mdogo.

"Umesema vingapi?"

Alikuwa Bibi Mkubwa. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono juu ya reli niliyoisugua. Sijui alikuwa pale tangu lini; bila shaka alipita ngazi ya nyuma kama mimi.

"Vitatu, Bibi Mkubwa," Strickett akasema, akajaribu kuinama kwa heshima huku ameshika suruali.

Nilimwona Bibi Mkubwa akihesabu. Yeye aliuza viwili. Aliwajua wanunuzi, aliijua siku, alimjua hata farasi. Macho yake yakatoka kwa Strickett yakaenda kwenye kiti cha nane, yakapanda ukutani mpaka kwenye picha ya marehemu mumewe, yule aliyeandika wosia wa hata kijiko kisikosekane. Nusu ya mdomo wake ikacheza.

"Ambrose," akasema kwa utulivu. "Mnafiki wewe."

Kisha akageuka. "Pugh. Mpeleke Maddock sebuleni."

Pugh alikuwa ametoka jikoni anakausha mikono. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukisogea. Miaka arobaini amewakalisha watu kama mimi ukumbini. Alinipitisha mbele ya viti vyote vinane, kimoja baada ya kingine, mimi nyuma yake na mfuko wangu wa zana na vumbi la msasa magotini, na wala sikuambiwa nijifute.

Nilidhani ndani nitakuta wakili. Nilidhani nitakuta polisi. Nilijiandalia maneno.

Pugh akafungua mlango. Moto ulikuwa unawaka. Keki tuliyopanga ilikuwa imeshakatwa, na robo yake imeliwa. Kwenye kiti cha mahameli karibu na moto, miguu juu ya kijistuli, alikuwa amekaa mwanamke mwenye kofia ya kanisani, kikombe cha kaure mkononi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu wa mnada alizuiwa dakika arobaini nje ya sebule ile. Haikuwa zulia.

"Funga mlango, Thirza," mama akasema. "Baridi inaingia."

Nikaufunga. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, ile siku ya saa nne mpaka saa nane alikuja kuomba nini. Yeye akauliza la kwake.

"Huyo mtu wa London amehesabu vingapi?"

"Vitatu, mama."

Mama akakiweka kikombe juu ya kisahani, taratibu, kisilie. Akamtazama Pugh, na Pugh akatazama moto.

"Vitatu tu?" akasema.